Maji ya Baraka kwenye Betri

Redio yetu ilitumia betri ya lori. Siku ile, katika ile miaka ya sabini, niliibeba kichwani juu ya ngata kutoka kijijini hadi Katoro, mwendo wa asubuhi nzima, nikiogopa tindikali kuliko nyoka. Khanga yangu ilikuwa imekwisha toboka kwa safari za nyuma. Lakini siku hiyo ningebeba hata mbili. Mume wangu alikuwa amepelekwa Mwanza kupasuliwa tumbo, na habari za hospitali zilitufikia kwa njia moja tu, matangazo ya jioni redioni. Redio nyingine kijijini haikuwapo, na yetu ilikuwa bubu kwa siku tatu. Nilikuwa nimesahau usingizi.

Mahali pa kuchaji palikuwa kwenye mashine ya kusaga. Fundi alikuwa amefunga dainamo kwenye injini, kwa hiyo mahindi yakisagwa, betri nazo zinajaa. Wanawake wasipoleta mahindi, hakuna chaji. Betri zilipangwa ukutani, kila moja na alama ya mwenyewe: rangi, kitambaa, kamba ya ngozi. Yangu ilikuwa ya saba. Nilikaa karibu nayo kama mama wa mtoto mgonjwa, nikiinuka kuichungulia kila injini ilipokohoa.

Fundi, mzee mwenye nyusi nyeupe kwa unga, aliifikia jua likiwa limeshapinda. Akafungua vifuniko, akachungulia, akanigeukia.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "humu umetia maji gani?"

"Maji safi, baba."

"Safi ya wapi?"

Kilikuwa kiangazi. Maji ya mvua tuliyozoea kujazia betri yalikwisha zamani, na ya kisimani yalikuwa tope tupu. Maji maangavu nyumbani yalikuwa kwenye chupa moja tu, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nilijiambia, tena nikajisifu kwa akili hiyo, kwamba yatajaza betri na kumlinda mgonjwa kwa mkupuo mmoja.

"Ya baraka," nikasema.

Wanawake kwenye foleni ya unga wakaangua kicheko. Fundi hakucheka.

"Padri huyatia chumvi anapoyabariki. Chumvi imeshaiua. Hii haichajiki tena, hata umlete askofu."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikalia mbele za watu, nikamweleza habari ya mume wangu. Akatazama jua, akazima injini. Foleni ikaguna.

"Unga utasubiri," akasema.

Akachukua redio yake ya kujaribia betri, akaiunga kwenye betri ya mtu mwingine, akaongeza sauti. Vifo vilisomwa kwanza. Kila jina lilipoanza nilibana pumzi, lilipokwisha nikaiachia. Halafu likatajwa langu. Niliombwa nifike hospitali haraka. Basi, hakukuwa na neno la ziada.

Hakuna aliyecheka tena. Kwetu sote neno "haraka" lilijulikana maana yake. Mtu anayeendelea vizuri haitiwi ndugu haraka. Yule mwanamke aliyecheka kuliko wote akavua khanga yake ya juu, akanifunga juu ya ile yangu, ili nisifike msibani na matundu.

Nilidandia lori la pamba, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuwaambia watoto. Sikupata hata moja. Wodini nilimpita muuguzi bila kumwuliza, nikaanza kutazama vitanda mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho, kifurushi mapajani, amekonda na amenuna. Ameruhusiwa tangu juzi, kitanda kinatakiwa na mgonjwa mwingine. Ndiyo haraka yenyewe.

"Mbona umechelewa?" akaniuliza. "Au mmeacha betri yangu ikaisha?"

"Imejaa mpaka juu," nikamjibu, machozi yananitoka. Sijawahi kumdanganya mtu kwa furaha kama ile.