Njia Inayopita Barazani Kwangu

Mimi shule naijua kwa nje. Kule kwetu Buganguzi nilikuwa naipita nikienda kuchota maji, nasikia watoto wenzangu wanaimba herufi, na mimi naziimba hukohuko njiani na ndoo kichwani. Nikifika kisimani nimeshazimwaga zote. Kwa hiyo mambo ya karatasi usiniulize. Lakini sauti ninayo. Nikiita kuku wangu hapa Bukoba, kuku wa Muleba wanainua vichwa. Na macho ninayo. Mtu akipita mbele ya baraza langu mara moja tu, akirudi hata amevaa koti la mvua na kofia ya pikipiki, namjua kwa visigino.

Baraza lenyewe liko pembeni ya mji. Nilipoletwa hapa kuolewa, palikuwa migomba mitupu, migomba mpaka unasahau rangi ya mbingu. Siku hizi kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kimebaki changu na cha wachache, wengine wamejenga nyumba za ukuta. Kuta ndefu, bwana! Juu wamepanga vipande vya chupa, jua likiwaka zinametameta unadhani kuna harusi. Kuna nyumba moja ina kufuli nyingi mpaka mwenyewe akitoka kazini anaanza kufungua mchana, anaingia ndani chakula kimepoa.

Katikati ya kuta hizo ndiyo inapita njia yetu ya miguu. Inaanzia barabara ya juu, inashuka kwenye kibanja changu, inatokea chini kwenye kijiwe cha bodaboda. Inapita karibu sana na baraza, mtu akipiga chafya namwambia pole kabla hajamaliza. Mama mkwe wangu aliletwa na njia hiyo akiwa bibi harusi. Na mimi nililetwa nayo, nimefunikwa shuka, nahesabu mawe kwa vidole vya miguu. Wagonjwa wanapita hapo kwenda zahanati, wanawake wanapita hapo kwenda sokoni. Habari za mji mzima zinapita hapo, na mimi nazipokea zikiwa za moto.

Basi wizi ukaingia. Ulianza na kuku, ukapanda kwenye nguo za kamba, ukafika kwenye mitungi ya gesi. Mwalimu mmoja hapo juu aliacha maharage jikoni akaenda kumwita mtoto, aliporudi hakuna maharage, hakuna sufuria, na mafiga yamebaki yanashangaa. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Watu walijaa utafikiri wanagawa nyama.

Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye ukuta mrefu kuliko wote, akasimama. Ni mtu mzuri yule, tunataniana tangu amehamia. Ana mbwa mkubwa kama ndama, lakini analala kama amelipiwa kulala.

"Ndugu zangu," akasema, "wezi wanatumia ile njia ya miguu. Wanaingia juu, wanatokea chini, wanapanda pikipiki, kwaheri. Tuweke geti. Tufunge njia kabisa. Anayetaka kushuka azunguke barabarani."

Watu wakapiga makofi. Mimi moyo ukanidondoka mpaka kwenye kandambili. Nikasimama.

"Mzee, njia hiyo ina mlinzi."

"Mlinzi gani, mama?"

"Mimi hapa."

Wakacheka, na mwenyekiti akacheka kwa kuficha mdomo na kofia.

"Silaha yako nini?" akauliza mstaafu. "Maana mimi nina mbwa."

"Mbwa wako juzi nilimruka akiwa amelala getini kwako, hakufumbua hata jicho. Mimi silaha yangu kahawa."

Hapo sasa walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Lakini sikuwa natania. Kila asubuhi naweka kikapu changu kidogo cha kahawa ya kutafuna hapo barazani, kahawa niliyoichemsha mwenyewe na majani yake ya harufu, nikaianika, ikanuka vizuri mpaka nyuki wanapotea njia. Mtu yeyote akipita namkaribisha kahawa. Akishaichukua hawezi kuondoka hivihivi, lazima tusalimiane. Tukisalimiana, lazima nijue ni mtoto wa nani, ukoo gani, anakwenda kwa nani, na huyo anayekwenda kwake anamjuaje. Mtu mwema anaondoka amechelewa kidogo tu. Mtu mbaya hapendi maswali. Ndiyo maana kuku wangu wote wapo.

"Na yule wa mita za umeme?" mtu mmoja akadakia.

Ni kweli, hilo lilitokea. Alikuja kijana kukagua mita, simjui, nikamshikilia na kahawa mpaka mvua ikanyesha, ikaisha, ikanyesha tena. Aliondoka anamjua mpaka babu wa babu yangu. Mita hakukagua hata moja.

Kikao kikaamua geti. Fundi wa kuchomelea akalitengeneza, zuri, la nondo, amelipaka rangi ya bluu. Wakaja nalo wakaliegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu, wakasema wanangoja nguzo za saruji zikauke ndipo walipachike. Kwa hiyo kila nikitoka nje naliona. Limeniegemea kama mkwe asiyeaga. Nikawa naketi barazani najiuliza: likishapachikwa, nani atapita hapa? Kahawa nitampa nani? Nitabaki natazamana na ukuta wa mstaafu, na ukuta haujui habari hata moja. Mama mzima nililetwa na njia, sasa njia inaondolewa mimi nabaki. Zile siku nilikula ndizi zikawa hazina chumvi, na chumvi niliweka.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, watu wameshakwenda makazini, niko barazani nachambua maharage. Jirani yangu wa upande wa pili, mjane anayeshona sare za watoto na magauni ya kwaya, alikuwa ameaga anakwenda mjini kununua nyuzi. Akashuka. Baada ya muda nikaona kijana anakuja kutoka juu, simjui, amebeba mzigo begani. Umefungwa majani makavu ya mgomba, umekazwa na kamba za mgomba, vizuri kabisa, kama mtu anayempelekea shangazi yake mkungu.

"Karibu kahawa, mwanangu."

"Asante mama, nina haraka."

"Haraka ya nini? Ndizi zitakukimbia?"

Akacheka kidogo. Jasho linamtiririka. Nikajisemea, mkungu huo mzito jamani, au kijana hajala.

"Unatoka wapi, waitu?" nikamuuliza kwa heshima ya Kihaya chetu.

"Kwetu Maruku, mama."

"Maruku kwenye ndizi zenu zote zile, na bado unanunua ndizi huku mjini?"

Akauhamishia mzigo bega la pili. Nikachota kahawa, nikamnyooshea. Sasa sikiliza. Kwetu huku kahawa haipokelewi kwa mkono mmoja. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajaota meno, mimi wanangu nimewafundisha na kofi dogo. Unapokea kwa mikono miwili, umeinama kidogo, mbele ya mtu mzima. Yule kijana alikuwa na mkono mmoja umeshika mzigo. Akaleta ule mwingine, ukafika katikati, ukasimama. Akanitazama. Mimi nilinyoosha tu kahawa yangu na uso wangu wa uzee.

Nakwambia angeweza kuondoka. Mimi mguu huu mmoja unauma, mbio zangu zinashindwa na bata. Lakini alikuwa amelelewa vizuri na mama yake, masikini. Adabu ikamshinda. Akainama, akashusha mzigo taratibu kwenye lile jiwe langu la kunolea panga, akapokea kahawa kwa mikono miwili, akasema "Asante sana waitu," akaitia mdomoni.

Na mzigo ulipogusa jiwe ulilia: ngwaaa!

Tukautazama wote wawili. Nimelima ndizi tangu sina jino, nimezibeba, nimezimenya, nimeziangusha. Ndizi hailii ngwaa.

"Ndizi gani hizi, mwanangu?"

"Ni changa bado, mama," akasema huku anatafuna. "Ni ngumu."

Nikasogeza jani moja. Nikaona gurudumu, na kwenye gurudumu kitambaa chekundu kimefungwa. Kitambaa kile nakijua, jirani yangu alikifunga ili wajukuu wasichezee. Ni kichwa cha cherehani cha mjane! Kile ndicho kinacholisha nyumba ile.

Hapo nikapiga enduru, ule mwano wetu wa hatari ambao mtu akiusikia anaacha hata kijiko mdomoni. Nilipiga enduru bwana! Migomba ililala chini. Samaki ziwani walibadilisha njia. Watu wa visiwani, nasikia, walishusha mizigo wakauliza kuna nini Bukoba. Kijana akatimka kushuka, na mzigo akauacha. Chini kule bodaboda wakazipanga pikipiki zao zikaziba njia kama ng'ombe kwenye kizizi, na huku juu mageti yote yakafunguka, watu wakatoka. Sikujua kwamba tuko wengi hivyo. Mstaafu alitoka na povu la sabuni nusu ya uso, wembe mkononi. Mbwa akatoka nyuma yake, anapiga miayo.

Wakamkamata. Na hapo sasa ndipo mambo yanapoharibika siku zote. Mmoja ana fimbo, mwingine ana jiwe, vijana wa bodaboda wameshavua mikanda. Kila mtu anakumbuka mtungi wake wa gesi. Mwalimu anakumbuka maharage. Nikashuka na mguu wangu, nikapita katikati yao kwa viwiko.

"Asiguswe! Asiguswe huyu!"

"Mama, toka hapo, huyu ni mwizi!"

"Najua ni mwizi, nani kamkamata, wewe? Lakini amekula kahawa yangu."

"Kahawa ndiyo nini, mama?"

"Ndiyo nini? Kaulize kwenu! Mtu niliyempa kahawa kwa mkono wangu, akapokea kwa mikono miwili, hapigwi mbele yangu. Atakayempiga anianze mimi. Wewe kijana, fungua mdomo waone!"

Kijana akafungua mdomo. Kahawa ilikuwemo bado, ameikumbatia kwenye shavu, hakuitema hata kwenye mbio zote zile. Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Mstaafu naye akacheka mpaka povu likamwingia jichoni, akaanza kulia. Ukishacheka fimbo inakuwa nzito, unaishusha. Mwenyekiti akafika, akamchukua, wakaenda naye kituoni kwa miguu yake mwenyewe, mzima.

Jirani yangu aliporudi na nyuzi zake alikuta cherehani iko barazani kwangu, imekaa kwenye kigoda kama mgeni wa heshima. Alilizungusha lile gurudumu kwanza, akasikia linazunguka, ndipo akakaa chini akalia. Dirisha lake alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani. Nilimgombeza kweli. Nilimwambia kamba ni ya mbuzi, dirisha linataka nondo, na mlango unataka kufuli. Msidhani nachukia kufuli. Mimi mwenyewe ninayo, inakaa mlangoni na ufunguo ninauvaa shingoni pamoja na rozari.

Jumapili baada ya misa tukakutana tena kwa mwenyekiti. Nguzo zilikuwa zimekauka. Fundi alikuja na mashine yake, anangoja neno tu. Mimi nikakaa nyuma, kimya, na nikikaa kimya watu wanadhani ninaumwa.

Mstaafu akasimama. Akakohoa.

"Geti nilileta wazo mimi," akasema. "Sasa nauliza. Ukuta wangu ule mrefu, kuna mwizi aliwahi kuuambia kwamba yeye anatoka Maruku?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Lakini mama," akanigeukia, "siku ukiwa shambani? Siku ukiwa unaumwa?"

Hapo alinishika. Alikuwa na haki. Nikamwambia kweli, baraza moja halitoshi, mguu huu unaweza kunilaza siku yoyote.

"Basi mabaraza yawe mengi," akasema yule mjane, kwa sauti yake ndogo. "Mimi nitashonea nje."

Ndivyo ilivyokuwa. Mjane akatoa cherehani akaiweka chini ya dirisha lake, linaloitazama njia, na dirisha sasa lina nondo. Mwalimu akaweka benchi nje ya ukuta wake, anasahihishia hapo madaftari. Mstaafu akatoa kiti chake cha kuegemea, kile cha ndani ambacho wajukuu hawaruhusiwi kukikalia, akakiweka nje ya geti lake na mbwa chini yake. Tunapokezana. Mtu akishuka kutoka juu anasalimiwa na baraza la kwanza, anasalimiwa na la pili, akifika kwangu nimeshajua anakunywa chai ya sukari ngapi. Kuku wamerudi kuwa wengi mpaka tunagombana tena juu ya kuku wa nani ameparua mchicha wa nani. Huo ugomvi nilikuwa nimeukosa.

Na lile geti la bluu lipo. Nililiomba, wakanipa. Nimelilaza juu ya mawe hapo uani, nimetandika mkeka juu yake, naanikia kahawa. Hewa inapita chini kwenye nondo, kahawa inakauka upesi, haiozi. Fundi akipita anatikisa kichwa, anasema hajawahi kuona kazi yake imelala hivyo. Namwambia lete mikono miwili, onja, halafu useme.

Ngoja kidogo. Naona mtu anashuka, amebeba gunia, simjui. Huko juu wameshamsalimia, namuona anatabasamu kwa kuchoka. Karibu kahawa, mwanangu, tua mzigo.