Alivyomzuia Bintiye Asiinuke

Mtaani walimwita Mama Sindano, maana hata msibani alikwenda na sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa fundi cherehani wa miaka nenda miaka rudi, mwenye jibu kwa kila mtu, na mtoto mmoja tu, binti, aliyempenda kufa.

Binti alipojifungua kwa upasuaji, Mama Sindano alipiga kambi wodini. Asubuhi iliyofuata nesi akaja na maagizo.

"Dada, leo tunakaa kitako, halafu tunatembea polepole mpaka dirishani. Maji unywe kidogo kidogo. Na hii chingamu tafuna mara kwa mara, matumbo yadhani chakula kinakuja, yaamke. Upasuaji umeyalaza. Ukijamba niite, nitakupigia makofi!"

Wodi nzima ikacheka. Binti naye akacheka, huku ameshika tumbo. Mama Sindano alinuna.

Nesi alipotoka, akamrudisha bintiye kwenye mto. "Mshono wa jana unauvutavuta? Mimi nimeshona maisha yangu yote. Lala, mwanangu. Na mgonjwa gani anatafuna chingamu kama kondakta?" Akaitupa kwenye pipa, na kikombe cha maji akakisogeza mbali.

"Lakini mama, nesi kasema..."

"Nesi hakukuzaa."

Nesi aliporudi kuuliza, yeye ndiye aliyejibu. "Ametembea, na maji amekunywa." Alidanganya bila kupepesa macho, akiamini anamwokoa mtoto wake.

Usiku haukuisha salama. Tumbo la binti lilijaa gesi likawa gumu kama ngoma, akawa anatapika maji ya kijani. Daktari alisema matumbo yamegoma kabisa, wakampitishia mpira puani hadi tumboni. Kichanga kikanyweshwa kwa kikombe na manesi, kwa kuwa mama yake hakuweza hata kukipakata. Mama Sindano alikaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, asijue pa kuitia. Mwishowe akamfuata daktari akasema yote.

Daktari akashusha pumzi. "Mama, huenda ingetokea hata angetembea. Wengine huwapata tu. Ila ungesema kweli, tungejua mapema."

Neno la kwanza halikumkaa kichwani hata kidogo. Lile la mwisho halikumtoka.

Binti alipona. Matumbo yalipoamka nesi alipiga makofi kweli, wodi ikashangilia, na Mama Sindano akaenda kulilia chooni.

Mimba ya pili ilipokaribia siku zake, binti alimpitia kwenye kibanda chake cha kushonea.

"Mama, safari hii wifi ndiye atakaa na mimi hospitali."

"Na mimi je?"

"Wewe utakuja kutuona."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mama yake. Hasira angeijibu.

Siku ya kuwaona, baada ya upasuaji wa pili, alivaa gauni lake zuri. Aliwakuta kwenye korido, binti ameegemea bega la wifi yake, anapiga hatua ndogo ndogo, taya zikitafuna. Maneno ya "keti, mwanangu" yalimfika kooni, akayameza.

"Nimshike upande huu?" akauliza.

Wifi alimtazama binti.

"Ndiyo tunamaliza, mama," binti alisema kwa upole. "Narudi kunyonyesha."

Mama Sindano akawashikia mlango wa wodi, wakapita.