Mjomba Alirudi Anakohoa

Asubuhi ile nilikuwa nachambua pamba uani kwetu Samuye, mdogo wangu Minza mgongoni. Alikuwa na miezi saba, na mchezo wake ulikuwa kunivuta masikio. Mimi nilikuwa kidato cha pili, likizo. Vita vya Uganda tulivisikia redioni, na tuliviona kwa malori yaliyochukuliwa kubeba askari, pamba ikabaki nje.

Mara watoto wakapiga kelele: Masanja karudi! Ni kaka yake mama, mgambo. Miezi minane hatukujua kama yu hai. Mama alikimbia bila viatu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umerefuka hivi? Mume wa kukufikia tutamtoa wapi?"

Watu wakacheka, nikainama. Naye akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Alisema lori lao zima lilikuwa linakohoa, homa na mafua, tangu Mwanza.

"Risasi zimenishindwa, mafua ndiyo yataniweza?"

Kwetu aliyerudi salama vitani hubariki watoto. Mama akamfungua Minza mgongoni kwangu, akampa. Mjomba akajaza maji mdomoni, akampulizia usoni. Mara mbili.

Darasani tulifundishwa jinsi mafua yanavyohama kwa mate. Nilifungua mdomo. Lakini ua lilijaa watu, wote wanamtazama yeye. Nikaona aibu, nikaufunga.

Siku ya tatu Minza alikuwa wa moto, pua zimeziba, ziwa hataki.

Siku ya tano akaacha kulia. Kila akivuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani.

Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli. Mganga alikuwa mmoja. Mwenzake alipelekwa vitani, hajarudi. Akamfunua kifua.

"Mafua yameshuka mapafuni. Mama, ungemleta juzi."

Akamchoma sindano.

Midomo ya Minza ikawa rangi ya wino.

Nilikuwa nimemshika mguu. Nilidhani amelala.

Mjomba alichimba kaburi mwenyewe, bado anakohoa. "Kule nimezika wengi," alisema, "lakini wote walikuwa na bunduki." Akaendelea kuchimba.

Sasa niko kidato cha nne. Wageni wakija, mama huwaambia Mungu alimrudishia kaka akamchukua binti, kwa hiyo hanung'uniki. Mjomba akiwepo huitikia kwa kichwa. Mimi najua haikuwa hivyo. Nawamiminia chai, na mpaka leo sijasema.