Swali Ambalo Lusia Hakulijibu

Violeth Magesa alipofika Tampere, kitu cha kwanza alichokipenda ni kwamba hakukuwa na vumbi. Alikuwa amekulia Segese, ambako malori yakipita nguo za kwenye kamba hufuliwa upya, kisha akasoma sekondari katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ambako vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye uji. Huko Finland alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akajifunza lugha yao kwa shida, na jioni akarudi kwenye chumba chake kilichokuwa kimya kupita kiasi.

Kilichomshangaza ni kwamba alipoanza kukumbuka kwao, haikuanza nyumba ya mama yake. Ilianza shule. Alikumbuka makande, foleni ya ndoo kisimani, wasichana wa bweni zima wakigombea kipande kimoja cha kioo. Zaidi ya yote alikumbuka michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa ambayo mama wa rafiki yake Lusia alikuwa akiwaletea kwenye mfuko wa rambo, wakaitafuna taratibu wakati wa kujisomea ili mwalimu wa zamu asisikie.

Lusia alikuwa mwenzake wa dawati, na kitandani yeye alilala juu, Violeth chini. Ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo kwenye kwaya, na sauti yake ilikuwa inafika mpaka barabarani. Wakiwa kidato cha tatu alikwenda likizo, hakurudi. Wapo waliosema ameozwa. Wengine wakasema wamemwona machimboni Geita akipika chakula cha wachimbaji. Halafu watu wakaacha kumtaja.

Kwa hiyo Dorah, aliyekuwa dada mkuu wao enzi zile, ambaye kwa utani walimwita kaka mkuu, alipofungua grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja, Violeth alifurahi kama mtu aliyepokelewa mzigo. Akitoka kazini alikaa hata bila kuvua koti, akisoma walivyoandika na kucheka peke yake.

Furaha hiyo iliharibika siku namba ya Dorah ilipotekwa. Mtu asiyejulikana aliwaandikia wote akijifanya ni yeye, akiwaomba wamtumie tarakimu zilizoingia kwenye simu zao. Wawili walizituma, nao simu zao zikatekwa vilevile. Dorah alipofanikiwa kuirudisha namba yake alikuwa mkali. Kila mtu aliulizwa maswali. Wengine walijitoa kwa hasira.

Ilikuwa ni katikati ya vurugu hiyo ambapo namba ngeni ilimwandikia Violeth pembeni: "Habari za siku nyingi. Mimi Lusia. Naishi Buseresere."

Violeth aliuangalia ujumbe ule kwa muda mrefu. Moyo ulitaka kuamini, ndiyo maana akaogopa. Marehemu baba yake alikuwa mchimbaji mdogo, na aliwahi kuuziwa shaba iliyong'arishwa akiambiwa ni dhahabu. Tangu hapo alikuwa anawaambia wanawe kwamba tapeli haleti kitu usichokitaka. Anakuletea kile unachokitamani.

"Kama ni wewe, tulikuwa tunamwitaje mwalimu wa Jiografia?" aliuliza.

"Mawingu," jibu likaja.

Sawa, lakini hilo shule nzima ilikuwa inalijua. Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake, ikakatwa. "Mtandao wa huku unasumbua, tuandikiane tu," mtu yule aliandika. Violeth akaomba picha. Ikaja picha ya mwanamke mnene, amejifunga kilemba, mtandio umezungushwa shingoni mpaka kidevuni. Lusia aliyemfahamu alikuwa mwembamba kama ufito. Violeth aliikuza picha mpaka ikawa vipande vya rangi, bado hakuona kitu.

Akamweleza Dorah. Dorah hakusita. "Huyo ni yule yule. Mtu mzima anayekataa kuzungumza kwa simu, ana nini cha kuficha?"

Violeth akaamua kuuliza jambo moja la mwisho, ambalo wasichana wawili tu walikuwa wanalijua. "Siku ile tulipokwenda kuchuma pamba kwenye shamba la shule, nini kilitokea nyuma ya ghala?"

Safari hii jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi. "Hilo siwezi kuliandika hapa. Na wewe usiniulize tena."

Basi, Violeth akaona mambo yamekwisha. Mwizi amefika ukutani. Akaifungia namba ile, akawaambia wenzake, nao wakamsifu kwa kuwa macho. Lakini sifa zile hazikumpa usingizi. Kazini alijikuta anamvalisha bibi mmoja soksi huku akijiuliza ni tapeli gani anayesema usiniulize tena. Tapeli angebuni kitu. Angejaribu bahati.

Alipopata likizo alikwenda kwanza Segese kumwona mama yake. Kisha akamtafuta Mwanaima, mwenzao wa shule anayeuza vitenge Geita mjini, wakapanga kwenda Buseresere bila kumwambia Dorah.

"Tukimkuta ni mwanaume mwenye ndevu?" Mwanaima aliuliza njiani.

"Tutanunua samaki, turudi."

Buseresere ilikuwa siku ya mnada, watu wengi. Waliuliza kwa wauza nguo, kwa mama lishe, kwa vijana wa bodaboda. Hakuna aliyemjua Lusia. Kadiri walivyouliza ndivyo na wao walivyoangaliwa vibaya. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anauza dagaa aliitikia shikamoo zao kwa kuvuta maneno.

"Marahaba. Mnamtafutia nini huyo mtu?"

"Tulisoma naye, mama."

"Wote wanaokuja hapa husema wamesoma na mtu." Akamtazama Violeth kuanzia viatu mpaka miwani. "Ninyi ni watu wa serikali?"

Violeth akatoa simu, akamwonyesha picha. Yule mama akaisogeza karibu na macho. "Huyu ni Mama Donatus," akasema. "Mngesema Mama Donatus. Kaeni hapo, msinifuate."

Alirudi akiwa amefuatana na mwanamke wa kwenye picha, mtandio ule ule shingoni. Violeth alisimama, mikono ikiwa tayari. Yule mwanamke hakuja mikononi. Alisimama mbali kiasi cha mtu anayeweza kukimbia, na alipofungua mdomo ilitoka sauti iliyokwaruza, ya chini mno, kama upepo kwenye mabati.

"Kama wewe ni Violeth, niambie kitandani nani alilala juu."

"Wewe," Violeth akajibu. "Mimi chini. Na ukishuka ulikuwa unanikanyaga."

Mwanamke yule akafumba macho. Alipoyafumbua, hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi. Waliposhikana Mwanaima alilazimika kugeukia pembeni na kujifanya anachagua dagaa.

Walikaa nyuma ya kibanda, wameletewa chai na mihogo. Lusia alishusha mtandio, wakaona kovu lililopita shingoni kama mkufu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe wa shingo, akapona, lakini sauti haikurudi. "Namba yako nilipewa na mmoja wa waliojitoa kwenye grupu lenu, na nilijua ukinisikia utasema siyo mimi," alisema kwa kunong'ona. "Ndiyo maana sikupokea. Halafu ukaanza kunihoji kama polisi. Mtu anajiita Violeth, yuko Ulaya, anataka picha yangu, anataka siri. Nikasema huyu ndiye tapeli mwenyewe. Violeth ninayemjua asingeniuliza jambo lile kwa maandishi."

Mwanaima akawatazama kwa zamu. "Jambo gani?"

 Lusia alimwangalia Violeth tu, akisubiri.

"Nilianguka kifafa," Violeth akasema. "Mara ya kwanza. Yeye akanilaza ubavu, akafuta povu kwa kanga yake, akawaambia wenzetu nimezidiwa na jua. Wangejua, wangesema nina mapepo, nisingemaliza shule. Nilikuja kupata dawa nilipokuwa chuoni."

"Kumbe," Mwanaima akasema, akamsogezea sahani ya mihogo.

Lusia naye akaeleza alivyotoweka. Hakuozwa kwa nguvu wala hakwenda machimboni. Baba yake alifariki likizo ile, mama akaugua, wadogo wakawa wanamwangalia yeye. Aliwahi kurudi mpaka lango la shule na begi lake, akasikia kengele, akaona hawezi kuingia kuaga. Akageuza.

"Ungeniita tu," Violeth alisema.

"Ningekuita, nisingeondoka."

Jioni Mwanaima aliwapiga picha, akaituma kwa Dorah. Dorah akaandika kwamba siku hizi hata picha zinatengenezwa. Wakacheka sana, Lusia bila sauti, mabega yakitikisika. Alikataa kuingizwa kwenye grupu. Alisema wale walioamini haraka kwamba ameozwa kwa ng'ombe hana haraka nao. Violeth hakumlazimisha. Aliifungulia namba yake pale pale, na wakakubaliana kuandikiana Jumapili.

Kabla ya gari kuondoka Lusia alimshika mkono dirishani.

"Huko nako una rafiki?" aliuliza.

Violeth akafikiri. "Yupo mmoja, tunafanya kazi pamoja. Kila siku ananikaribisha kwake."

"Umekwenda?"

"Bado. Najiuliza anataka nini."

"Nenda," Lusia akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, na dereva akawasha gari.