Bonde la Uani

Ukimtaka mstaafu yule asubuhi, mtafute uani. Utamkuta pekupeku, macho ameyafumba, anazipapasa nyasi kwa nyayo, maana kwake pimamaji ya fundi ya kupimia usawa hudanganya lakini unyayo hausemi uongo. Akihisi pamebonyea hupiga magoti, huzikata nyasi kwa kisu, huzibandua kama mkeka, hujaza udongo na mchanga, kisha huzirudisha na kuzipigapiga taratibu kama anayembembeleza mtoto alale. Halafu husimama palepale juu, mikono kiunoni, kitambi mbele, akiisifu kazi yake mpaka chai inapoa.

“Mama watoto, pamedidimia tena!” alilalamika leo. “Huku chini kuna nini?”

Mkewe alichungulia kwenye dirisha la jikoni, akaziona zile nyayo nene zimetua katikati ya bonde lilelile. Neno likamjia mdomoni. Ila akakumbuka wiki ile ya mvua, bwana aliposhinda jikoni akimfundisha yeye, mpishi wa miaka yote hiyo, namna ya kukata kitunguu. Akalimeza.

“Labda ni fuko, baba watoto,” alisema. “Wewe endelea kumsaka tu.”