Maharage Saa Sita, Mdogo Wake Siku Thelathini na Nane

Saa tatu na robo asubuhi. Mlango wa tumbo la ndege unafunguka, na mpakiaji mizigo ambaye wenzake humwita Winchi kwa nguvu zake anaingia ameinama. Hashushi kitu. Anatembea kwanza hadi mwisho, anaangaza kila kona, kisha anarudi mlangoni.

"Hayupo," anawaambia wenzake walio chini. Hakuna anayeuliza nani.

Anayetafutwa ni mdogo wake wa mwisho, fundi bomba aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo na kufia huko siku thelathini na nane zilizopita. Mwili wake uko kwenye chumba cha baridi, jirani na uwanja ilikotoka ndege hii.

Ofisi ya mizigo imebandika ukutani karatasi ya umbali wa kila safari. Winchi amekariri mstari mmoja tu: kilomita 5,412, saa sita na dakika hamsini. Ndege huja Jumanne na Ijumaa. Ikienda hujaa maharage mabichi. Ikirudi, nusu ya tumbo ni tupu.

"Wasiniambie hakuna nafasi," anasema. "Mimi ndiye ninayeifungua hiyo ndege."

Kinachokosekana ni saini. Mwajiri hajaidhinisha mwili uondoke. Ubalozi unamsubiri mwajiri. Wakala aliyempeleka fundi huyo ng'ambo, ambaye zamani alikuwa akipiga simu mara tatu kwa siku, sasa hapatikani. Wanatupiana mpira, na marehemu yuko kwenye barafu. Hii ni aibu, na haina jina jingine.

Maana haraka hapa uwanjani inajulikana. Wiki iliyopita maharage yalichelewa kupakiwa kwa saa mbili kwa sababu ya fomu iliyokosewa. Meneja wa ofisi ya mizigo alikuja mbio, tai imemrukia begani, na fomu mpya ikasainiwa juu ya boneti ya gari. Kila katoni ilikuwa na lebo nyekundu: HUHARIBIKA UPESI.

"Nikamwuliza, bosi, na mdogo wangu nimbandikie hii? Akaniambia nisichanganye mambo. Nimechanganya nini? Ndege si ni hii hii?"

Nyumbani kwao, viti vya kukodi vya msiba bado vimepangwa uani ingawa waombolezaji wameshatawanyika. Mama yao amekataa visirudishwe. "Mwanangu hajafika, wageni wake watakaa wapi?" anauliza, na anaendelea kuvifuta vumbi.

Mjane ana watoto wawili. "Yule mtoto mdogo ananiuliza kama baba anakuja kwa miguu," anasema. "Shemeji kila siku anatuambia ni saa sita tu. Sasa nimjibu nini mtoto?"

Msimamizi alitaka kumhamishia Winchi kwenye ndege nyingine ili apumzike na mawazo. Alikataa katakata. Ijumaa ataingia tena tumboni na kuangaza kila kona, na amewaomba wenzake jambo moja: jeneza likionekana, mashine ya kushushia mizigo izimwe.

"Siku anaondoka mimi mwenyewe nilimpakilia sanduku lake, kilo ishirini na tatu. Akirudi asishushwe kama katoni. Tutamshusha kwa mabega."

Kisha anavaa glavu na kuinua maharage. Saa tano kamili ndege inaruka. Haijachelewa hata dakika moja.