Nilinyoa Kichwa Mama Akiwa Hai

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu. Sikulewa wala sikulazimishwa. Nililitenda mchana kweupe, kwa wembe wa kuazima. Jina langu msilitafute, nisikilizeni tu.

Mimi ni Mgogo wa milima ya Kibakwe. Kwetu nywele hazikatwi ovyo. Tangu utoto mama alikuwa akinilaza kichwa mapajani pake, ananisuka misuko myembamba, kisha anaipaka mafuta ya nyonyo na udongo mwekundu. Huku anasuka, huku anasimulia: nani kaposwa, ng'ombe gani kazaa, nani kamvunjia mkwewe heshima. Mambo ya dunia niliyajulia pale. Wembe tuliushika siku ya msiba tu. Ukimwona mwanamke kanyoa, humuulizi habari, unampa pole.

Mume wangu alipata kazi ya reli kwa Wadachi, tukahamia Dodoma, karibu na stesheni. Majirani zangu walikuwa wake za wafanyabiashara, watu wa kanga safi. Kisimani walinipisha, na si kwa heshima.

"Jitengeni, atatupaka udongo!"

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, mjinga mimi. Kisha nikirudi nyumbani nakaa peke yangu mpaka mume wangu atoke kazini. Siku nyingine sikufungua kinywa kutwa nzima.

Jirani mmoja, Mama Zuhura, alinihurumia. "Shoga, ondoa matope hayo. Nyoa, ujifunge kitambaa. Zitaota mpya, tukusuke kama sisi." Akanipa wembe wake. Kesho yake kisimani wote waliniita shoga. Nilifurahi, sifichi.

Wakati wa mavuno nikaenda nyumbani. Nilimkuta mama uani anapura mtama. Nikainama kumwamkia, "Mbukwa, mama," kitambaa kikateleza.

Fimbo ikamtoka mkononi. Akapiga yowe la msiba. "Nani? Mumeo?" Wanawake wa jirani wakaja mbio, wengine wanalia tayari.

"Hajafa mtu, mama. Nimenyoa tu."

Kilio kikakatika. Wale wanawake wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mama akanitazama kichwa, hakunitazama uso.

"Basi umeninyolea mimi," akasema. "Haya, nimekufa."

Jioni nilikaa chini mbele yake kama zamani, nikainamisha kichwa. Akanyanyuka akaenda kukamua ng'ombe.

Hapo ningeomba radhi yakaisha. Lakini kiburi! Nikarudi Dodoma, nikasema moyoni, akisusa wenzake tutakula. Kila nywele zikichomoza nikawa nanyoa tena, ili ajue sijali. Kibakwe sikukanyaga.

Ikaja habari kwamba mama amefariki, safari hii kweli.

Nilifika wameshazika. Dada zangu wamekaa chini, shangazi anawanyoa kwa zamu, misuko yao inaanguka na udongo wake mwekundu. Ile misuko aliisuka mama. Ikafika zamu yangu, nikavua kitambaa. Shangazi akapapasa kichwa changu kwa kiganja.

"Wewe ulishamaliza," akasema, akamwendea aliyefuata.

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana sijaweza kumkasirikia hata leo.

Nimeuacha wembe. Nywele zangu zimerudi, nyeusi, ngumu, zinashindana na kitana, nami nazipenda kuliko kitu chochote kilichobaki kwangu. Nimeagiza udongo kutoka nyumbani. Utosini najisuka mwenyewe, lakini kisogoni mkono haufiki. Kinyozi hajinyoi. Mama Zuhura amejitolea mara nyingi, nami namwambia bado, bado. Basi natembea mbele nimesukwa, nyuma timtim, na kisimani wamerudia kunicheka. Safari hii mimi sicheki.

Dada unayesoma, nywele zako si matope, hata aseme nani. Na kama mama yako yu hai, akakuita uje akusuke, usimwambie una kazi. Nenda, ukae chini, ulaze kichwa. Hata akivuta mpaka machozi yakutoke, nyamaza, mwache amalize.